Tarakilishi ya Umma Iwe na Mlango wa Faragha

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Walinena hivyo wakati kila nyumba ilikuwa na mtungi wake na kata yake. Sidhani waliuwazia mtungi uliowekwa kando ya barabara, ambao kila mpita njia huuchovya kata, akanywa, akaenda zake, na kumwachia anayemfuata mate yake. Mtungi wa namna hiyo ndio tarakilishi ya umma: ile iliyo katika duka la saiba, katika maktaba, katika maabara ya shule na katika chumba cha walimu. Leo nataka kuuzungumzia mtungi huo, na hasa kifuniko chake. Kifuniko chenyewe ni kidogo, hakinunuliwi kwa pesa, na mahali pengi nilipopita hapa Nanyuki sikukiona.

Nianze na kisa. Kilimpata msichana niliyekuwa nimemfundisha hadi kidato cha nne. Matokeo yake ya mtihani wa KCSE yalikuwa mazuri, na sasa alitakiwa aingie katika tovuti ya kuteulia kozi za vyuo ili achague anachotaka kusomea. Nyumbani kwao hapakuwa na tarakilishi, na simu ya mama yake ilikuwa ile ya vitufe. Akashuka mjini, akaingia katika duka moja la saiba karibu na stendi ya matatu, akalipa, akaketi, akachagua uuguzi mara ya kwanza, uuguzi mara ya pili, na uuguzi tena mara ya tatu. Alipomaliza alibofya alama ya kufungia dirisha, kama alivyowaona wengine wakifanya, akarudi nyumbani akiwa na furaha.

Kiti kile hakikupoa. Kijana mwingine aliyekuja kwa shughuli iyo hiyo alikalia papo hapo na kufungua tovuti ile ile. Kivinjari, yaani programu ya kusomea kurasa za mtandao, kilikuwa bado kinamkumbuka yule msichana, kikamfungulia kijana ukurasa wake moja kwa moja. Jina lililoandikwa juu kwa herufi ndogo hakulisoma. Alidhani mambo ya mtandao ndivyo yalivyo. Akaufuta uuguzi na kuweka ufundi wa magari.

Siku mbili baadaye msichana alirudi kupiga chapa ukurasa wake, akajikuta ameandikiwa kwenda kutengeneza injini. Alifika kwangu jioni hiyo akilia. "Mwalimu, nimeibiwa," aliniambia. Tulirekebisha mambo kabla ya muda wa kuteua kufungwa, na leo tunashukuru. Lakini nimejiuliza mara nyingi: lau asingalirudi kupiga chapa, angaligundua lini? Pengine siku ya kupokea barua ya chuo.

Nani alaumiwe? Mama mmoja jirani yangu aliposikia kisa hiki alitaka yule kijana akamatwe. Lakini kijana hakuwa mwizi. Aliingia katika nyumba aliyoikuta wazi, akadhani ni yake. Wengine walimlaumu msichana kwa kutotoka katika akaunti yake ipasavyo. Lakini nani alimfundisha? Mimi niliyemfundisha kwa miaka minne nilimweleza sababu za Vita vya Maji Maji, nikamweleza na muundo wa sentensi changamano, wala sikumweleza hata siku moja namna ya kuondoka mbele ya tarakilishi ya watu wengi. Na mwenye duka je? Yeye alikodisha mashine na kiti, akaona wajibu wake umekwisha hapo. Kwa maoni yangu, sote watatu tulishiriki kosa, na kosa lenyewe ni kwamba chumba kile hakikuwa na mlango.

Mlango ninaousema upo, na si jambo geni. Ni dirisha la faragha. Kivinjari cha Safari cha kampuni ya Apple kilikuwa nalo tangu mwaka wa 2005. Google Chrome kilizaliwa nalo mwaka wa 2008, na Firefox kikalipata mwaka wa 2009. Chrome kwa Kiswahili hulitaja kuwa hali fiche. Kazi yake ni nyepesi kuieleza. Katika dirisha la kawaida kivinjari huweka kumbukumbu ya kila ukurasa uliotembelewa. Pia huhifadhi vidakuzi, yaani vijifaili vidogo vinavyoiwezesha tovuti kukutambua urudipo, na tena huweza kuyakumbuka majina na nambari ulizoandika katika fomu. Katika dirisha la faragha mambo hayo hushikwa kwa muda tu. Dirisha likifungwa, kivinjari huyasahau yote. Anayekuja baada yako hukuta mtungi umesuuzwa. Lau msichana wangu angalitumia dirisha kama hilo na kulifunga, kijana yule angaliombwa nambari zake mwenyewe, na kila mmoja angalikwenda njia yake.

Huenda msomaji atauliza kwa nini nayasema haya kutoka Nanyuki. Nina sababu. Mji wetu huu, ulio chini ya Mlima Kenya na mwendo mfupi tu kutoka mstari wa ikweta, si mgeni katika historia ya mtandao. Mwezi wa Februari mwaka wa 2013 kampuni ya Microsoft, ikishirikiana na serikali ya Kenya na kampuni ya Indigo Telecom, ilizindua hapa mradi ulioitwa Mawingu. Mradi huo ulitumia mianya ya masafa ya televisheni yasiyotumika, pamoja na umeme wa jua, kuufikisha mtandao mahali ambapo nyaya hazikufika. Miongoni mwa walionufaika mapema ni wanafunzi wa Shule ya Upili ya Gakawa, iliyo upande wa barabara ya kwenda Nyeri. Kisha mwezi wa Julai mwaka wa 2015, programu ya Windows 10 ilipotolewa kwa ulimwengu, mkuu wa Microsoft, Bwana Satya Nadella, hakuiadhimisha siku hiyo katika jiji kubwa la Ulaya au Marekani. Alikuja Kenya, akapanda hadi Nanyuki.

Tulijivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia. Lakini fahari ya kupokea mgeni ni jambo moja, na kujua kuitumia zawadi aliyoileta ni jambo jingine. Windows 10 ile ilikuja na kivinjari kipya kilichoitwa Edge, na ndani ya Edge mlikuwamo dirisha la faragha. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake ni kwamba programu hiyo iliishi miaka 10, ikazeeka, ikastaafu, ilhali wengi wetu tuliokuwa wa kwanza kusikia habari zake hatukuwahi kuufungua mlango huo hata mara moja.

Tena haja yetu ya mlango huo imezidi. Zamani mtu aliyetaka huduma ya serikali alipanga foleni mbele ya karani. Leo mzazi anayetafuta cheti, mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB, mhitimu anayengoja nafasi kutoka KUCCPS, mfanyabiashara anayewasilisha hesabu za kodi, na mwalimu anayetaka kuona hati yake ya mshahara, wote huelekezwa mtandaoni. Si kila mmoja ana tarakilishi yake. Wengi hutegemea ya saiba, ya shule au ya jamaa. Kwa hiyo nambari za kitambulisho, za cheti cha kuzaliwa na za mtihani huandikwa kila siku katika mashine ambazo mwandikaji hazimiliki wala hajui nani atazikalia baada yake.

Watu wa rika langu tuliosoma katika shule za bweni tunaijua barua iliyofunguliwa. Shule nzima ilikuwa na sanduku moja la posta. Barua zilipita mikononi mwa mwalimu wa zamu, na aghalabu bahasha ilimfikia mwenyewe ikiwa imekwisha kupasuliwa. Tuliichukia desturi hiyo kwa dhati. Leo sisi ndio walimu, na tumeiacha tarakilishi ya shule iwe sanduku la posta lisilo na kufuli, ambalo si mwalimu wa zamu peke yake bali yeyote apitaye huweza kulichungulia.

Sasa nije kwenye pendekezo langu. Dirisha la faragha limefichwa katika orodha ya kivinjari, na mtu mwenye haraka, anayehesabiwa dakika na mwenye duka, hatakwenda kulitafuta. Kumwambia kila mteja na kila mwanafunzi "kumbuka kufungua dirisha la faragha" ni sawa na kumwambia mgeni abebe mlango wake kutoka nyumbani. Njia iliyo bora ni kuuweka mlango mbele yake: kijipicha kimoja juu ya eneo-kazi, yaani ule uso wa kioo unaoonekana tarakilishi inapowashwa. Ukikibofya kijipicha hicho, dirisha la faragha hufunguka moja kwa moja bila kuuliza kitu. Wataalamu hukiita njia ya mkato. Kukitengeneza ni kazi ya dakika mbili, na kwa kuwa nilipata taabu kumpata wa kunieleza, nitaeleza hapa kinaganaga kwa wanaotumia Windows.

Tafuta kijipicha cha kivinjari juu ya eneo-kazi. Kibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ukinakili, kisha ukibandike papo hapo ili uwe na viwili. Cha zamani kibaki kama kilivyo. Kibofye kile kipya kwa kitufe cha kulia, na katika orodha itakayojitokeza uchague neno "Properties". Utaona kisanduku kirefu kilichoandikwa "Target" pembeni yake, na ndani yake mna anwani ya mahali programu ilipo, ikiishia na chrome.exe au jina jingine kulingana na kivinjari chako. Usifute chochote. Nenda mwisho kabisa wa anwani hiyo, na kama ina alama za kunukuu, nenda hata baada ya alama ya kufunga. Acha nafasi moja. Kisha andika maneno haya: kwa Google Chrome, --incognito, kwa Microsoft Edge, --inprivate, kwa Mozilla Firefox, -private-window. Ile nafasi moja usiisahau, kwa sababu wengi hukwama hapo. Kubali, na ikiwa tarakilishi itataka idhini ya msimamizi, mwite mwenye mamlaka nayo. Mwisho, kipe kijipicha jina ambalo kila mtu atalielewa. Changu nimekiita "Dirisha la Faragha".

Kisha kijaribu. Chrome itafungua dirisha jeusi lenye picha ya kofia na miwani. Firefox itaonyesha kinyago cha rangi ya zambarau. Edge nayo itaandika neno InPrivate juu. Usipoona alama hizo, rudi ukague ile nafasi moja. Ujue pia kwamba kijipicha hiki hakibadilishi vingine. Vile vilivyo chini ya kioo, katika mstari wa kazi, bado vitafungua dirisha la kawaida, na hivyo ni busara kuviondoa hapo mteja asije akavikimbilia kwa mazoea. Mwenye maabara kubwa anaweza kumwomba mtaalamu aipange Chrome isifunguke ila kwa hali fiche. Lakini kwa duka la mashine tano au sita, kijipicha chatosha.

Hapo ndipo nilipofika mimi mwenyewe, nikajiona mjuzi. Niliweka kijipicha hicho katika tarakilishi ya chumba cha walimu, nikawaonyesha wenzangu, nikatamba. Mwisho wa mwezi nilifungua dirisha langu la faragha, nikaipakua hati yangu ya mshahara, nikaipiga chapa, nikafunga dirisha na kwenda darasani kwa kifua mbele. Niliporudi nilikuta vicheko vimekatika ghafla. Mwenzangu mmoja alikuwa anatafuta mtihani wake katika kabati la vitu vilivyopakuliwa, akakuta hati yangu imelala humo kama ilivyo. Mkopo wangu wa chama cha akiba, makato yangu, na kile kidogo kinachobaki, vyote vilikuwa vimesomwa na kuhesabiwa. Hakuna aliyenidhihaki waziwazi. Lakini kwa wiki nzima nilipoagiza chai, kulikuwa na mtu wa kuniuliza kama naweza kuilipia.

Somo nililolipata siku hiyo ni kwamba nyumba njema si mlango. Dirisha la faragha huisahau safari yako, lakini haliutupi mzigo ulioushusha. Faili uliyoipakua hubaki katika tarakilishi mpaka uifute mwenyewe, na ukiifuta uimwage pia kutoka katika pipa la taka. Tena, dirisha husahau likifungwa tu. Anayeondoka akaliacha limefunguka hajafanya lolote. Na madirisha ya faragha yakiwa mawili, kufunga moja hakutoshi, kwa kuwa yote hushiriki kumbukumbu moja hadi la mwisho lifungwe. Vilevile, tarakilishi yenyewe ikiwa imetiwa programu ya kunasa kila herufi inayobofywa, dirisha la faragha halina uwezo wa kuizuia.

Zaidi ya hayo, faragha hii ni ya ndani ya chumba, si ya barabarani. Kampuni inayokuuzia mtandao, au msimamizi wa mtandao wa shule, bado anaweza kuona ni tovuti zipi zimetembelewa. Tovuti yenyewe nayo hujua kwamba umefika, na ukiandika jina lako humo, imeshakujua. Watu wa Marekani walilishitaki shirika la Google mwezi wa Juni mwaka wa 2020, wakidai kwamba liliendelea kukusanya habari zao hata walipokuwa katika hali fiche. Shauri hilo lilikwisha kwa maafikiano, na katika mapatano yaliyowasilishwa mahakamani mwezi wa Aprili 2024 Google ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu na kurekebisha maelezo inayowapa watumiaji wa hali fiche. Ikiwa watu walioizunguka kampuni hiyo kwa karibu walilielewa vibaya neno "faragha", seuze sisi.

Wakazi wa Nanyuki tuna mfano wetu wa jambo hili. Pale penye bango la ikweta, kusini mwa mji, huwapo vijana wenye karai na mtungi wa maji. Humpeleka mtalii hatua chache upande huu wa mstari, maji yakazunguka kuelekea upande mmoja. Wakampeleka hatua chache upande wa pili, yakazunguka kinyume. Mtalii hustaajabu, akalipa, akapewa cheti. Mwalimu wa fizikia anajua kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji ya karai kwa umbali wa hatua chache, na kwamba siri iko katika namna maji yanavyomiminwa. Siwakatazi vijana wale riziki yao, kwani ni mchezo mzuri. Nasema tu kwamba tukiliona neno "faragha" juu ya kioo tusiwe watalii. Tutazame mkono unaomimina. Tujue kifuniko hiki kinafunika nini na kinaacha nini wazi, kisha tukitumie kwa kazi yake: kumzuia anayeketi baada yetu asirithi mambo yetu.

Najua walimu wenzangu wana hofu moja, na si hofu ya kupuuzwa. Nilipolieleza pendekezo hili katika kikao cha walimu, mmoja aliuliza: "Je, si utakuwa umewapa wanafunzi pazia la kutazamia upujufu?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Kwanza, kama nilivyokwisha kueleza, dirisha la faragha halimfichi mwanafunzi mbele ya mtandao wa shule. Kizuizi cha tovuti chafu kilichowekwa katika mtandao wenyewe huendelea kuzuia, dirisha liwe la kawaida au la faragha. Shule inayotegemea orodha ya kurasa zilizotembelewa kuwa ndiyo askari wake, huyo si askari, kwani mwanafunzi mwerevu huifuta orodha hiyo kwa mbofyo mmoja. Pili, watoto wadogo wa shule ya msingi wanahitaji jicho la mwalimu nyuma yao, na hakuna dirisha la namna yoyote linaloweza kuchukua nafasi ya jicho hilo.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwangu, tufikirie pia yule mwanafunzi asiyetafuta upujufu. Kuna msichana wa kidato cha pili anayetaka kusoma juu ya maumivu ya hedhi na hana wa kumuuliza. Kuna mvulana ambaye baba yake ameambiwa ana saratani, naye anataka kujua neno hilo lina maana gani bila darasa zima kujua. Kuna anayesoma juu ya huzuni isiyokwisha. Hawa wote hukalia tarakilishi ile ile. Wakijua kwamba swali lao litabaki pale kioo kionyeshe herufi za kwanza tu na kujaza zilizobaki mbele ya mwenzao, hawatauliza. Mwanafunzi asiyethubutu kuuliza hatukumlinda. Tumemwacha na ujinga wake na woga wake. Sisi walimu tunasema kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Basi tumpe mahali pa kuulizia.

Sheria ya nchi nayo iko upande huu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwa ni pamoja na haki ya habari zake za kibinafsi na za jamaa yake kutofichuliwa pasipo sababu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 ikafuata, nayo haikusema kwamba mtoto ana haki pungufu. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sitaki kumtisha mwalimu mkuu yeyote. Nataka tukumbuke tu kwamba habari za mwanafunzi si mali ya shule, na wala si mali ya anayemkodisha kiti kwa dakika kumi. Ni amana, na amana huhifadhiwa hata pale mwenyewe alipojisahau.

Kwa hiyo natoa mwito kwa makundi matatu. Kwa wenye maduka ya saiba, kuanzia hapa Nanyuki hadi Naro Moru, Nyeri na Karatina: wekeni kijipicha cha Dirisha la Faragha katika kila mashine, mkiondoe kile cha kawaida mbele ya macho, na mteja anapoinuka mwangalie kama amelifunga. Hamtapoteza hata shilingi moja, na mteja aliyetunziwa siri yake hurudi. Kwa wakuu wa shule na walinzi wa maktaba: fanyeni vivyo hivyo katika maabara na vyumba vya walimu, na kila jioni kabati la vitu vilivyopakuliwa lifagiliwe kama darasa linavyofagiliwa. Mkifagia, toeni kwanza onyo, msije mkaufuta mtihani wa mwalimu ambaye hajaupiga chapa.

Kwa walimu wenzangu: kabla ya kidato cha nne kuondoka, tutenge kipindi kimoja, dakika 40 tu, tuwafunze mambo manne. Fungua dirisha la faragha. Kataa kivinjari kinapokuomba kikumbuke nywila. Toka katika akaunti yako, kisha ufunge kila dirisha. Futa ulichopakua. Hayo manne hayamo katika mtihani wa KCSE, lakini siku mwanafunzi atakapokwenda kuteua mustakabali wake katika kiti alichokikodi, yatamfaa kuliko mengi tuliyomkaririsha.

Na kwenu wanafunzi: msingoje kutengenezewa. Mkiingia mahali mkakuta hakuna mlango huo, muombeni mwenye mashine kwa adabu, au mtumie vitufe vitatu kwa pamoja, Ctrl na Shift na N katika Chrome na Edge, au Ctrl na Shift na P katika Firefox, nalo dirisha litafunguka. Tena mkikuta ukurasa wa mtu mwingine umeachwa wazi, msiusome wala msiuguse. Mtoeni katika akaunti yake, kisha ndipo muanze yenu. Yule kijana wa stendi angalisoma jina lililokuwa juu ya ukurasa, asingalimliza mtu.

Msichana wangu sasa yuko chuoni, anasomea uuguzi alioutaka. Likizo iliyopita alinitembelea akanieleza kwamba katika maktaba yao yeye huwaonyesha wenzake namna ya kuweka kile kijipicha, na kwamba wanamwita "bawabu". Nilicheka, kisha nikafurahi. Katika nyumba ya watu wengi bawabu hadharauliwi. Nanyuki iliyompokea mkuu wa Microsoft mwaka wa 2015 ina tarakilishi nyingi kuliko siku ile, ila bado ina mabawabu wachache. Tuongeze.